John Coltrane na Walioondoka Ukumbini

Usiku wa tarehe 11 Novemba, 1966, katika Chuo Kikuu cha Temple mjini Philadelphia, baadhi ya watu waliokuja kusikiliza muziki walinyanyuka vitini wakatoka kabla haujamalizika. Jukwaani alikuwapo John Coltrane, mpuliza saksafoni aliyekwisha kupata sifa kubwa, na mji ule ndio uliomlea katika ujana wake. Walichokisikia kilikuwa mlio mkali wa saksafoni usio na pumziko, ngoma nyingi zikipigwa kwa pamoja, na hatimaye Coltrane mwenyewe akaacha kupuliza, akajipigapiga kifua huku akitoa sauti kinywani. Yumkini miongoni mwa waliotoka walikuwamo wenye santuri zake nyumbani. Je, walikosea?

Yafaa kwanza kuondoa utata wa neno. Hapa kwetu jazi ilizoeleka katika majina ya bendi za dansi, mfano wa Morogoro Jazz na Western Jazz, ambazo muziki wake ulikuwa karibu zaidi na rumba. Jazi ya Coltrane ni ile ya Wamarekani weusi, ambamo mpigaji huuchukua wimbo mfupi akautungia mapya papo hapo mbele ya wasikilizaji. Kwa hiyo msikilizaji wa jazi huja akijua kwamba atasikia jambo asilolitarajia. Ubishi ni juu ya kipimo chake.

Marehemu alizaliwa tarehe 23 Septemba, 1926, huko Hamlet katika jimbo la North Carolina, akakulia High Point. Babu zake wote wawili walikuwa wahubiri, na baba yake alikuwa mshona nguo. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alifiwa na babu, baba na bibi, wote ndani ya miezi michache, na ni wakati wa msiba huo ndipo alipoanza kushika vyombo vya kupuliza. Mwaka 1943 alihamia Philadelphia. Alitumikia katika jeshi la majini huko Hawaii, akarudi, akapiga katika bendi za wakubwa kama Dizzy Gillespie na Johnny Hodges bila ya jina lake kuvuma sana.

Mwaka 1955 Miles Davis alimchukua. Miaka miwili baadaye alimfukuza, kwa sababu ya heroini na pombe. Hapo ndipo maisha yake yalipogeuka: aliacha ulevi katika mwaka huo huo wa 1957, na tangu hapo akauhesabu muziki kuwa ni shukurani kwa Mwenyezi Mungu. Miezi ile alipiga na mpiga piano Thelonious Monk katika klabu ya Five Spot, New York, na mwaka 1958 akarejea kwa Davis. Mwaka huo pia alishiriki na mpuliza tarumbeta Wilbur Harden kurekodi kipande kilichoitwa Tanganyika Strut, miaka mitatu kabla ya Tanganyika kujitawala. Jina lile halikuwa mapambo matupu. Weusi wa Marekani walikuwa wakiitazama Afrika iliyokuwa ikijikomboa, na mwaka 1961 Coltrane aliongoza kundi kubwa la wapuliza vyombo kurekodi kipande kirefu alichokiita Africa.

Kuhusu ufundi wake hapakuwa na mabishano makubwa. Katika Giant Steps, iliyorekodiwa mwaka 1959, msingi wa sauti hubadilika upesi mno hata mpiga piano aliyekuwapo, naye ni stadi, akapata taabu kuufuata. Mtu mwingine angekaa hapo akala matunda ya jasho lake. Coltrane akageukia kinyume chake: akachukua wimbo mwepesi wa jukwaani, My Favorite Things, akautuliza juu ya msingi usiobadilika kwa muda mrefu, akaupuliza kwa saksafoni nyembamba ya soprano kwa takriban dakika 14. Ulipendwa sana.

Kumbe lawama zilikwisha anza. Mjini Paris, mwezi Machi, 1960, sehemu ya ukumbi ilimzomea. Mwezi Novemba, 1961, mhakiki mmoja wa jarida la Down Beat aliuhukumu muziki wake na wa Eric Dolphy kuwa ni kinyume cha jazi. Jarida hilo hilo liliwapa nafasi ya kujibu mwaka 1962, nao wakajibu kwa utulivu. Ajabu ni kwamba katika miaka iliyofuata Coltrane alirekodi nyimbo za mapenzi za taratibu, na nyingine pamoja na Duke Ellington. Wako waliosema ametubu. Mwezi Novemba, 1963, baada ya bomu kuua wasichana wanne kanisani Birmingham, alirekodi Alabama, maombolezo ambayo hata wapinzani wake waliyasikiliza kwa heshima.

Tarehe 9 Desemba, 1964, ikarekodiwa A Love Supreme, na wapenzi wake wakapatana kwa muda. Baada ya miezi sita tu akawakusanya wapigaji 11 kurekodi Ascension, na mapatano yakavunjika. Mpiga piano wake McCoy Tyner aliondoka mwishoni mwa mwaka 1965, akilalamika kwamba haisikii tena piano yake mwenyewe katika kishindo kile. Mpiga ngoma Elvin Jones akamfuata mwanzoni mwa 1966. Mke wake Alice akakaa kwenye piano.

Maoni yetu ni kwamba msikilizaji anayo haki ya kutoka, na kutoka kwake si ujinga. Ikiwa Tyner alichoka, itakuwaje mtu wa kawaida? Lakini wale waliodai kwamba Coltrane ameutupa muziki wake hawakusikiliza vya kutosha. Huko Japani, mwezi Julai, 1966, aliipiga My Favorite Things ile ile kwa karibu saa nzima. Hakuutupa wimbo uliompatia umaarufu. Aliuchukua hadi mahali ambapo wengi wa waliompenda hawakutaka kwenda. Sisi wenyewe twakiri kwamba baadhi ya kazi zake za mwisho hutushinda kuzisikiliza hadi mwisho, ilhali Alabama hatujaichoka.

Alifariki tarehe 17 Julai, 1967, kwa saratani ya ini, akiwa na umri wa miaka 40, miezi minane baada ya usiku ule wa Philadelphia. Katika mazishi yake New York walipiga Albert Ayler na Ornette Coleman, wawili waliolaumiwa kama yeye. Mwaka 2007 alitunukiwa heshima maalumu ya Pulitzer. Kanda ya usiku wa Temple ilitolewa rasmi mwaka 2014, na wapenzi wa jazi wakaanza kubishana upya.