Elias Howe na Nyuzi Mbili za Cherehani

Tazama kwa makini mshono wa mfuko wa shati lako. Utaona uzi upande wa juu wa kitambaa, na uzi mwingine upande wa chini. Nyuzi hizo mbili hukutana ndani ya kitambaa na kushikana. Sasa soma habari za mtu aliyetaabika miaka mingi kwa ajili ya mshono huo.

Elias Howe alizaliwa mwaka 1819 huko Spencer, katika jimbo la Massachusetts, nchini Marekani. Alijifunza ufundi wa mashine, kisha akafanya kazi mjini Boston. Alikuwa na mke na watoto watatu, lakini ujira wake ulikuwa mdogo.

Wakati huo nguo nyingi zilishonwa kwa mkono. Mashine ya Barthélemy Thimonnier wa Ufaransa ilitumia uzi mmoja tu. Uzi ulipokatika, mshono uliweza kufumuka. Walter Hunt wa Marekani alitumia nyuzi mbili, lakini hakuiendeleza kazi yake. Howe naye alitumia nyuzi mbili. Sindano yake ilikuwa na tundu karibu na ncha. Ilipopenya kitambaa, uzi wake ulifanya kitanzi upande wa pili, na chombo kidogo chenye uzi wa pili kikapita ndani ya kitanzi hicho. Sindano iliporudi, nyuzi zilikazana. Mwaka 1846 Howe alipewa hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake.

Hata hivyo, mashine ilikuwa ghali, na wanunuzi hawakupatikana. Howe alikwenda Uingereza kutafuta riziki, akarudi mwaka 1849 akiwa maskini. Alimkuta mke wake mgonjwa sana, naye akafariki muda mfupi baadaye. Tena alikuta watu wengine wakiuza cherehani zenye mshono kama wake. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1854 akamshinda Isaac Singer. Tangu hapo alilipwa fedha nyingi kwa uvumbuzi wake. Alifariki mwaka 1867.

Fikiri sasa juu ya nyuzi hizo mbili. Zinafanana na watu wawili wanaovutana kwa kamba. Nguvu zao zikiwa sawa, fundo la katikati halisogei. Uzi wa juu ukikaza mno, huuvuta uzi wa chini mpaka ukaonekana juu. Uzi wa juu ukilegea, vitanzi hutokea chini. Kasoro hii huonekana upesi katika kushona mfarishi, yaani tandiko lenye pamba katikati ya vitambaa viwili, kwa sababu ya unene wake.

Ukiona kasoro hiyo, usikimbilie kukaza skrubu. Kwanza inua chuma kinachokandamiza kitambaa, utoe uzi wa juu na kuupitisha upya. Kisha angalia bobini, na usafishe vumbi la pamba. Mwisho, zungusha skrubu ya uzi wa juu kidogo kidogo, ukijaribu kila mara kwenye kipande chenye unene uleule.

Maswali

1. Kwa nini mshono wa nyuzi mbili haufumuki kwa urahisi?
2. Vitanzi vikitokea chini ya kitambaa, uzi upi umelegea?