Carver: Mtoto wa mtumwa aliyetoa rangi majanini na udongoni

JINA la George Washington Carver linapotajwa, wengi hukumbuka njugu karanga. Baadhi huenda mbali zaidi na kudai kwamba ndiye aliyebuni siagi ya njugu, dai ambalo halina ukweli wowote. Ni wachache wanaofahamu kuwa kabla ya njugu, na hata baada yake, Mmarekani huyo mweusi alishughulishwa mno na suala la rangi: namna ya kuipata kutoka kwa majani, magome, mizizi na udongo bila kumpelekea mwenye duka hata senti moja.

Carver alizaliwa utumwani mnamo 1864 au karibu na hapo, katika shamba la Moses Carver lililokuwa karibu na Diamond Grove, jimbo la Missouri. Enzi hizo hakuna aliyejisumbua kunakili tarehe ya kuzaliwa kwa mtoto wa mtumwa. Angali mchanga, wavamizi walimteka nyara pamoja na mamake, Mary. Mtu aliyetumwa kuwafuatia alirejea na mtoto peke yake, akiwa mgonjwa taabani, na kwa kazi hiyo akalipwa farasi. Mary hakuonekana tena.

Kwa kuwa alikuwa dhaifu wa mwili, kijana huyo hakupelekwa shambani. Susan, mkewe Moses, alimfunza kupika, kufua na kushona, na muda uliosalia aliutumia msituni akiokota mimea. Majirani wakawa wanamletea maua yao yaliyonyauka ayatibu. Hapo ndipo alipoanza kuchora. Hakuwa na brashi wala rangi za dukani, kwa hivyo alikamua matunda ya mwituni, akaponda mizizi na magome, na kuchora juu ya vipande vya mbao, mabati na vioo vilivyotupwa.

Hapa inafaa tutoe tahadhari. Miongoni mwa matunda ambayo watoto wa sehemu hizo walizoea kukamua ni yale ya mmea uitwao pokeberry, ambao maji yake ni mekundu ya zambarau na huvutia sana. Mmea huo una sumu. Wazazi na walimu ambao siku hizi hujitengenezea krayoni nyumbani kwa nta ya nyuki, manjano na kiazisukari, wakiamini kwamba kila kitokacho kwenye mmea ni salama kinywani mwa mtoto, wangefanya vyema kulikumbuka jambo hilo.

Kiu ya elimu ilimtoa Carver nyumbani akiwa bado mdogo. Alikwenda Neosho, mji uliokuwa na shule ya watoto weusi, akapokewa na Mariah na Andrew Watkins. Baadaye alihamia Kansas. Huko Fort Scott, mnamo 1879, alishuhudia umati ukimuua mtu mweusi, akautoroka mji huo. Alipokamilisha shule ya upili alikubaliwa kwa barua katika Chuo cha Highland, lakini alipofika na wakubwa wa chuo kuona ngozi yake, walimfungia mlango.

Ilikuwa hadi 1890 ndipo Chuo cha Simpson, jimboni Iowa, kilipompokea kusomea sanaa na piano. Mwalimu wake wa uchoraji, Etta Budd, alitambua kipawa chake lakini akahofia kwamba mtu mweusi hangeweza kujikimu kwa kuuza picha. Babake mwalimu huyo alikuwa profesa wa kilimo cha bustani katika chuo cha kilimo cha Iowa mjini Ames, na kwa ushauri wake Carver akajiunga na chuo hicho mnamo 1891, akiwa mwanafunzi wa kwanza mweusi. Sanaa hakuiacha papo hapo. Mojawapo ya picha zake za maua ilifika kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago mnamo 1893 na kutajwa kwa heshima. Shahada ya kwanza aliipata 1894, na ya uzamili 1896.

Mwaka huo wa 1896, Booker T. Washington alimwalika aongoze idara ya kilimo katika Taasisi ya Tuskegee, jimbo la Alabama. Carver alikubali, na hakuondoka tena hadi kifo. Mahali pa kuitwa maabara hapakuwapo. Yeye na wanafunzi wake waliokota chupa, makopo na nyaya katika majalala na kuvigeuza kuwa vifaa vya kazi. (Mtindo wa Tuskegee wa kuunganisha kitabu na kazi za mikono ulifika hata kwetu: baada ya tume ya Phelps-Stokes kuzuru Afrika Mashariki mnamo 1924, Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete mwaka uliofuata.)

Alichokikuta Alabama ni udongo uliochoshwa na pamba na wakulima weusi waliozama katika madeni. Aliwahimiza wapande njugu, kunde na viazi vitamu ili kuirejeshea ardhi rutuba. Hayo yanajulikana. Lakini aliona pia kuwa vibanda vyao vilikuwa vimechakaa, mbao zikiwa hazijawahi kupakwa chochote, ilhali vilima vya kaunti ya Macon vilijaa udongo mweupe, wa manjano na mwekundu. Mnamo 1911 alichapisha kijitabu cha kuwaelekeza wakulima jinsi ya kupaka nyumba zao chokaa na rangi kwa udongo huo. Kanuni ya kazi yenyewe si ngumu: udongo hulowekwa na kukorogwa, mchanga na changarawe zikaachwa zitue, kisha tope laini likachujwa. Gharama ilikuwa jasho tu.

Kuna faida nyingine ambayo huenda hata mwenyewe hakuipa uzito, maana lengo lake lilikuwa kupunguza gharama. Rangi nyeupe ya nyumba iliyotumika sana wakati huo ilitengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto anayelamba au kutafuna vipande vilivyobambuka ukutani. Marekani ilikuja kupiga marufuku rangi hizo majumbani mnamo 1978, miaka 67 baada ya kijitabu cha Carver. Mtoto wa mkulima maskini aliyefuata maagizo yake, kwa bahati tu, alilala katika chumba salama kuliko mtoto wa tajiri.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mnamo 1914, shehena za rangi za viwandani kutoka Ujerumani zilikatika na viwanda vya nguo vya Marekani vikahangaika. Carver aliirudia mimea. Alichemsha majani, mashina, mizizi na matunda akitafuta rangi za nguo. Aliyewahi kujaribu kazi hiyo anaufahamu ugumu wake. Maji ya mmea pekee huoshwa yakatoka. Sharti yashikizwe kwa shabu au chumvi nyingine ya madini. Wala hayachanganyiki na nta iliyoyeyushwa, hivyo atakaye krayoni lazima kwanza aishikize rangi, aikaushe na kuisaga iwe unga. Hata hivyo, nyingi hufifia juani. Udongo mwekundu haufifii, kwa kuwa wekundu wake ni kutu ya chuma.

Si ajabu basi kwamba udongo ulihusika katika hataza chache alizowahi kusajili. Zilikuwa tatu pekee: ya vipodozi mnamo 1925, na mbili za rangi, mnamo 1925 na 1927. Kampuni iliyoanzishwa kuuza bidhaa zake haikufua dafu. Kufikia hapo alikuwa mashuhuri, maadamu mnamo 1921 alikuwa ameitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kutetea zao la njugu, na baadaye akawa rafiki wa Henry Ford.

Umaarufu huo ulificha dosari moja ambayo wanahistoria hawajamsamehe. Carver hakuwa mtu wa kuweka kumbukumbu za maabara. Mamia ya bidhaa na rangi zinazotajwa kwa jina lake hazina maelezo ya vipimo, na nyingi haziwezi kutengenezwa tena na mtu mwingine. Kwa mtu aliyetaka maskini wajitegemee, hiyo ilikuwa hasara kubwa kwa maskini wenyewe.

Carver hakuoa. Aliacha akiba yake, takriban dola 60,000, kwa wakfu wa utafiti uliobeba jina lake. Alifariki Januari 5, 1943, baada ya kuanguka, na akazikwa Tuskegee kando ya Booker T. Washington. Julai mwaka huo serikali ya Marekani ilitenga eneo alikozaliwa kuwa ukumbusho wa taifa, wa kwanza kwa heshima ya Mmarekani mweusi.

Picha zake zilihifadhiwa katika makavazi ya Tuskegee. Moto ulizuka humo mnamo 1947 na kuteketeza nyingi kati yake. Kile kijitabu cha 1911 kilinusurika, na kingali kinasomwa.