Maisha ya Mtakatifu Jeanne Jugan, Mama wa Wazee Maskini

Katika mwaka wa jubilei twawakumbuka kwa shukrani wale waliochoma matofali ya makanisa yetu na kufundisha katekisimu chini ya miti. Baadhi yao wangali hai. Lakini wako wakaao peke yao, maana watoto wamekwenda mijini kutafuta kazi, na nyumba zimekuwa kimya. Kwa hiyo yafaa kusimulia maisha ya mwanamke mmoja wa Ufaransa, mtumishi wa jikoni, aliyetambua ya kuwa mzee hahitaji chakula na kitanda tu, bali ahitaji watu pia.

Jeanne Jugan alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1792, katika mji wa wavuvi uitwao Cancale, pwani ya Bretagne, kaskazini-magharibi ya Ufaransa. Siku zile nchi ilikuwa katika machafuko ya mapinduzi yaliyoanza mwaka 1789. Makanisa yalifungwa, mapadre wengi walijificha, na watoto wakafundishwa dini kwa siri majumbani. Baba yake alikuwa mvuvi. Jeanne hakuwa ametimiza miaka minne, baba akaenda baharini asirudi tena. Mama akabaki na watoto wadogo, akafanya kazi za kibarua ili awalishe. Jeanne naye akachunga ng'ombe, akajifunza kusokota sufu, na kusali huku mikono ikifanya kazi.

Alipopata umri wa miaka 16 aliajiriwa jikoni katika nyumba ya bibi mmoja mwenye cheo, mcha Mungu. Bibi huyo alizoea kuwatembelea maskini na wagonjwa, akamchukua Jeanne pamoja naye. Huko msichana alijifunza jambo ambalo halikufundishwa jikoni: namna ya kuingia katika nyumba ya maskini bila kumwaibisha mwenye nyumba. Baharia mmoja alitaka kumwoa, lakini Jeanne akakataa, kwa kuwa alisadiki ya kuwa Mungu amemwekea kazi nyingine, ingawa hakuijua bado.

Mwaka 1817 alihamia mji wa Saint-Servan, akawahudumia wagonjwa hospitalini kwa miaka kadhaa hata nguvu zikamwishia. Kisha akawa mtumishi wa bibi mwingine, wakaishi kama ndugu mpaka bibi huyo alipofariki mwaka 1835. Baadaye Jeanne na rafiki yake mzee, Françoise Aubert, wakapanga nyumba ndogo, wakampokea na msichana yatima, Virginie Trédaniel. Hivyo nyumba ile ilikuwa tangu mwanzo na mzee, mtu mzima na kijana, wote wakila pamoja na kusali pamoja.

Saint-Servan ulikuwa mji wa mabaharia, na wajane wazee walikuwa wengi. Wasio na mtoto wala ndugu walisimama milangoni mwa watu kuomba sadaka, hata katika mvua na baridi. Wakati wa baridi, mwaka 1839, Jeanne alipata habari ya kikongwe mmoja, Anne Chauvin, kipofu aliyepooza upande mmoja, asiye na mtu wa kumtunza. Akamchukua, akampandisha ngazi kwa nguvu zake mwenyewe, akamlaza katika kitanda chake. Yeye akaenda kulala darini. Wakati ule Jeanne alikuwa na umri wa miaka 47, hana mali ila mshahara wa siku.

Punde akaja wa pili, Isabelle Coeuru. Huyu alikuwa mtumishi aliyewatunza mabwana zake walipofilisika, akatumia akiba yake yote kwa ajili yao, hata akawaombea sadaka, mpaka wakafa. Sasa alikuwa mzee naye, na hapakuwa na mtu wa kumtendea kama alivyowatendea wengine. Jeanne akampokea. Mwaka 1841 nyumba ikawa ndogo, wakahamia kubwa zaidi yenye wazee 12. Mwaka 1842 wakapata nyumba iliyokuwa zamani ya watawa, na wazee wakafika 40. Hata baharia mzee aliyeachwa katika chumba cha chini, chenye unyevu na uchafu, alitolewa humo akaletwa nyumbani kwao.

Je, wote hao walilishwaje? Wanawake wazee walikuwa wamezoea kuomba, kila mmoja ana milango yake, na wengine fedha waliyopata iliishia katika ulevi. Jeanne akawaomba wamtajie nyumba zile, akachukua kikapu, akaenda yeye kuomba badala yao. Jambo hili halikuwa rahisi kwake, maana watu wa Bretagne walikuwa na heshima yao, na kuomba ni aibu. Lakini alipendelea aibu imwangukie yeye kuliko wazee wake. Inasimuliwa ya kuwa siku moja mtu alimpiga kofi. Naye Jeanne akamshukuru kwa upole kwa kile alichompa yeye, kisha akamwomba sasa atoe kitu kwa ajili ya maskini wake. Yule mtu akatoa.

Basi, tuangalie mambo yalivyokuwa ndani ya nyumba ile, kwani hapo ndipo penye fundisho letu. Mzee hakuwekwa pembeni kama mzigo. Mwenye mikono yenye nguvu bado alisokota sufu, naye alijua ya kuwa kazi yake yaisaidia nyumba. Aliyekuwa akisimama mvuani sasa aliketi mezani pamoja na wenzake, naye aliyekuwa hana mtu wa kumsikiliza akapata wa kuongea naye. Tena alijua ya kuwa siku ya kufa hatakufa peke yake, bali atakuwako mtu wa kumshika mkono na kusali.

Waganga wa siku zetu wamelithibitisha jambo hilo. Wametambua ya kuwa upweke wa muda mrefu huudhuru mwili pamoja na roho: huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo na kiharusi, na ya akili kupungua katika uzee. Mzee mwenye wenzake, mwenye kazi ndogo ya kila siku na mwenye kuutembeza mwili wake, kwa kawaida hukaa na afya njema kuliko yule aliyefungiwa chumbani, hata kama sahani ya huyo wa pili imejaa. Tena nyumba ya wazee si dawa yenyewe. Mzee akipelekwa humo bila ya kuulizwa, asipewe la kufanya, wala watoto wake wasije kumwona, aweza kuwa mpweke katikati ya watu mia.

Jeanne mwenyewe aliyapata mambo ya kuwekwa kando. Mwaka 1842 wenzake walimchagua kuwa mkuu wao, na mwezi wa Desemba 1843 wakamchagua tena. Lakini Padre Auguste Le Pailleur, aliyekuwa mshauri wao, akautangua uchaguzi ule, akamweka mahali pake Marie Jamet, aliyekuwa kijana bado. Jeanne hakugombana, akarudi kwenye kikapu chake. Mwaka 1845 Akademia ya Ufaransa ikampa tuzo ya faranga 3,000 kwa wema wake, na hotuba iliyotolewa siku hiyo ikachapishwa. Naye akaichukua alipokwenda kuomba katika miji mingine, ikamfungulia milango. Nyumba zikazidi: Rennes, Dinan, Tours, Angers. Mwaka 1851 shirika likafika London.

Mwaka 1852 padre yule akamwita Jeanne katika nyumba kuu, akamkataza kazi ya nje. Tangu mwaka 1856 alikaa La Tour Saint-Joseph, pamoja na manovisi, nao wengi hawakujua ya kuwa bibi huyu, Sista Marie wa Msalaba, ndiye mwanzilishi wa shirika lao. Tangu alipokatazwa kazi ya nje mwaka 1852 mpaka kufa kwake, alikaa kando hivyo miaka 27. Wasichana wale walimtazama akitembea na fimbo, macho yamekwisha kuwa na giza, naye akawafundisha kwa maneno machache na kwa furaha yake namna ya kuwapenda wazee. Kwa hiyo yule aliyewajengea wazee nyumba alijifunza uzee ndani ya nyumba hiyo hiyo. Dhuluma aliyotendewa haikuwa njema, wala hatuisifu. Twausifu moyo wake ambao haukuingiwa na uchungu.

Alifariki tarehe 29 Agosti 1879, mwenye miaka 86. Mwaka ule ule, mwezi wa Machi, Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu alikuwa ameithibitisha sheria ya Masista Wadogo wa Maskini, nao walikuwa yapata 2,400. Mwaka 1890 Padre Le Pailleur aliondolewa katika uongozi, na baadaye ukweli ukajulikana. Mwaka 1982 Jeanne alitangazwa Mwenye heri, na tarehe 11 Oktoba 2009 Mtakatifu. Masista wake wako katika nchi nyingi, na hata Nairobi wanayo Nyumba ya Wazee.

Ndugu wasomaji, huenda parokia yetu haina uwezo wa kujenga nyumba kama hiyo. Wala Amri ya Nne haituruhusu kuwaachia masista wazazi wetu tukiwa na nguvu za kuwatunza. Lakini kila kigango chaweza kuandika majina ya wazee wakaao peke yao. Mwalimu aweza kuwapeleka watoto kuwachotea maji na kuwakatia kuni, kisha waketi wasikilize habari za zamani. Wazee nao waombwe kuwafundisha watoto sala na nyimbo, ili wajue ya kuwa tungali tunawahitaji. Sikukuu ya Mtakatifu Jeanne Jugan ni tarehe 30 Agosti. Siku hiyo, baada ya Misa, asiwepo mzee wa kigango asiyebishiwa hodi mlangoni pake.