Mary Ainsworth

Mary Dinsmore Salter Ainsworth (Glendale, Ohio, Marekani, 1 Desemba 1913 – Charlottesville, Virginia, 21 Machi 1999) alikuwa mwanasaikolojia aliyechunguza jinsi mwenendo wa mzazi unavyotuliza au kuzidisha wasiwasi wa mtoto mchanga. Utafiti wake mkubwa wa kwanza katika uwanja huo aliufanya Uganda.

Maisha

Alikulia Toronto, Kanada, akapata shahada ya uzamivu huko mwaka 1939. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alitumikia jeshi la Kanada, akafikia cheo cha meja. Mwaka 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, wakahamia London, alikofanya kazi chini ya daktari John Bowlby, aliyechunguza madhara ya kumtenganisha mtoto na mama yake. Ndoa ilivunjika mwaka 1960, hakujaliwa watoto.

Utafiti Uganda

Mwaka 1954 mumewe alipata kazi Kampala, naye akamfuata. Hakuwa na maabara. Alitembelea nyumba za Waganda vijijini karibu na mji, akiwa na mkalimani, na kufuatilia watoto wachanga 28 wa familia 26 kwa miezi kadhaa. Nia yake ya awali ilikuwa kujua mtoto huathirikaje anapoachishwa ziwa, lakini alichokiona kilimpeleka mbali zaidi. Mtoto anayetambaa alimwacha mama, akachezea vitu, kisha akarudi kumgusa kabla ya kwenda tena. Watoto ambao mama zao waliweza kueleza tabia zao kwa undani walikuwa watulivu zaidi, ilhali wengine walilia sana hata wakiwa wamebebwa. Matokeo yalichapishwa kama kitabu mwaka 1967.

Baadaye, akiwa Baltimore, alibuni jaribio la dakika 20 hivi: mama humwacha mtoto katika chumba kigeni, kisha hurudi. Kinachotazamwa hasa si kilio, bali namna mtoto anavyompokea mama.

Athari

Kazi yake ilisaidia kubadili tiba ya wasiwasi wa watoto wadogo: badala ya kumtibu mtoto peke yake, wataalamu wengi humhusisha mzazi, wakimfundisha kutambua ishara za mtoto na kuziitikia. Hata hivyo, baadhi ya wanaanthropolojia, kama Robert LeVine aliyewachunguza Wagusii wa Kenya, walipinga kipimo kilichotokana na familia za Marekani kutumika kila mahali. Hoja hiyo ina uzito Afrika Mashariki, ambako mtoto mara nyingi hulelewa pia na bibi, shangazi na dada wakubwa.