Kambarage wa Butiama Anakuwa Julius

Mwalimu Nyerere unamfahamu kwa TANU, Uhuru na Azimio la Arusha. Hayo umeyasoma tangu shule ya msingi. Wasifu huu unamtazama kwa upande ambao watahiniwa wengi huumaliza kwa sentensi moja, kwamba alikuwa Mkatoliki. Ukiishia hapo hutaelewa kwa nini mtu aliyekwisha kuiongoza nchi kwa zaidi ya miaka 20 alitumia uzee wake kuzipanga Enjili kwa vina na mizani.

Alizaliwa Aprili 13, 1922, Butiama. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki mwenye wake 22, na mama yake, Mugaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano. Mtoto aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa alizaliwa wakati wa mvua kubwa. Kama unasoma kitabu hiki ukiwa Kabasa, Nyegina au Butiama kwenyewe, huhitaji kuelezwa boma la namna hiyo: kila mama na nyumba yake, watoto wanachunga pamoja, na kila mmoja anajua ametoka tumbo la nani. Kwa hiyo usiandike kwamba kijana huyu alikwenda kanisani kwa kukosa ndugu. Ndugu alikuwa nao tele.

Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, alipelekwa Shule ya Mwisenge, Musoma. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili. Wewe uliyewahi kulala bwenini unajua majuma ya kwanza yalivyo: hakuna anayejali kwamba baba yako ni mtemi, na lugha ya nyumbani haikufikishi mbali. Ni katika kipindi hicho yeye na rafiki yake walianza kufuata mafundisho ya dini ya mapadre wa White Fathers, waliokuwa na misheni Nyegina. Zingatia jambo moja hapa. Siku zile Mkatoliki wa kawaida hakuwa na Biblia nzima mkononi. Neno la Mungu alilipata kwa katekisimu na kwa masomo ya misa, akasikiliza, akakariri. Kambarage alilianza kwa masikio kabla ya kulisoma kwa macho.

Kutoka Mwisenge alikwenda Shule ya Serikali Tabora mwaka 1937. Baba yake alifariki mwaka 1942. Mwaka uliofuata aliingia Makerere, na Desemba 23, 1943 alibatizwa Nyegina kwa jina la Julius. Wengi hukosea hapa wakidhani alibatizwa utotoni. Alikuwa na miaka 21, mwanachuo, mtu mzima aliyechagua mwenyewe. (Jina hilo lisikuchanganye na Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri baadaye, ingawa majina ni yale yale.) Ubatizo ulimwingiza katika udugu wa aina nyingine, usiouliza mtu ni mtoto wa mke wa ngapi wala wa kabila gani. Baadaye mama yake naye alibatizwa, akaitwa Christina.

Imani hiyo ilimshika kiasi kwamba aliwahi kufikiria upadre. Badala yake alifundisha St. Mary's, Tabora, na kwa msaada wa Padre Richard Walsh akaenda kusoma Edinburgh kuanzia mwaka 1949. Aliporudi, Januari 1953, alimwoa Maria Gabriel. Mwana wa mzee mwenye wake 22 alifunga ndoa ya mke mmoja. Nadhani hapo ndipo inapoonekana zaidi gharama ya uamuzi wake, kuliko hata siku ya ubatizo.

Sasa tufike mwaka 1955. Historia uliyosoma darasani inakueleza kwamba Machi mwaka huo alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, na kwamba aliporudi aliacha kazi ya ualimu Pugu ili aendelee na siasa. Mara nyingi haikuelezi alikwenda wapi baada ya hapo. Alirudi nyumbani, bila mshahara, na familia changa ya kulisha. Padre mmoja wa Maryknoll, shirika la Wamarekani lililokuwa likihudumu Musoma, alitaka kujifunza Kizanaki, na Nyerere akamfundisha. Pamoja na hayo akatafsiri kwa Kizanaki nyaraka na Enjili zinazosomwa Jumapili. Fikiria kazi yenyewe. Kijana aliyesikia maneno hayo kwanza kwa lugha za wageni, sasa anatafuta neno la Kizanaki la kila mstari, ili mama yake na majirani zake wasikie kanisani kama wanavyosikia nyumbani. Miezi michache baadaye alirejea Dar es Salaam kuijenga TANU.

Imani haikumfanya anyamaze mbele ya Kanisa. Mwaka 1970, akiwa New York, aliwaeleza watawa wa Maryknoll kwamba Kanisa lisiposhiriki mapambano ya maskini dhidi ya unyonge litapoteza maana machoni pao. Tofautisha pia hili unapojibu maswali ya Ujamaa: mwenyewe aliujenga juu ya familia ya Kiafrika, ile ya boma la Butiama, hakuutoa katika katekisimu.

Aling'atuka urais mwaka 1985. Mwaka 1996 vilichapishwa vitabu vyake vya tenzi: Enjili za Matayo, Marko, Luka na Yohana, pamoja na Matendo ya Mitume, vyote katika bahari ya utenzi unayoifahamu kutoka sura ya ushairi. Alifariki London Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama. Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma, ambalo Nyegina ni mojawapo ya parokia zake, lilianzisha mchakato wa kumwombea atangazwe mwenye heri.