Kasisi Aliyeshindwa na Ualimu Akawapa Watoto Wimbo

Kila mwaka, mvua za vuli zinapokuwa zimekwisha kulainisha mashamba, kanisa letu dogo kule kijijini huingia katika yale majuma manne yaitwayo Majilio. Kanisa lenyewe ni la mawe na mabati, na siku ikinyesha sana mhubiri hana budi kunyamaza mpaka mvua ipungue. Kitambaa cha zambarau hutandikwa juu ya madhabahu, akina mama hugawana zamu za kufagia na kupamba, na kwaya ya watu tisa hujifungia jioni kufanya mazoezi ya nyimbo za Krismasi.

Jioni moja ya mazoezi hayo mtoto wa shule ya Jumapili aliniuliza ni nani aliyeutunga ule wimbo unaousifu mji mdogo wa Bethlehemu. Nilimjibu haraka kwamba bila shaka ni mmoja wa wale wachungaji wa kondoo. Watoto wenzake walicheka, nami nikacheka nao, lakini njiani nikirudi nyumbani nilijiona nimekosa. Mtu mzima asiyejua jambo angesema hajui. Basi nikaanza kutafuta, na mtu niliyempata amenikaa moyoni kwa sababu ambayo nitaieleza baadaye.

Jina lake ni Phillips Brooks. Alizaliwa mjini Boston, Marekani, tarehe 13 Desemba, 1835, siku ya Jumapili, katikati ya Majilio. Hata hivyo, siku hiyo wazazi wake hawakuwa wakiyaadhimisha Majilio. Bwana William Gray Brooks na mkewe Mary Ann walikuwa wa ukoo wa Wapuriti, wale Wakristo wakali waliohama Uingereza na kuanzisha makao yao katika jimbo la Massachusetts. Wapuriti hawakuipenda Krismasi hata kidogo. Toka mwaka wa 1659 hadi 1681, mtu aliyeonekana akiisherehekea siku hiyo katika jimbo hilo alitozwa faini ya shilingi tano. Sheria hiyo iliondolewa, lakini mazoea hayakuondoka. Kwa miaka mingi Krismasi ilikuwa siku ya kazi kama nyingine, na ilikuwa mwaka wa 1856 ndipo jimbo hilo lilipoikubali kuwa sikukuu ya watu wote.

Phillips alipokuwa na umri wa kama miaka minne, familia yake ilihamia Kanisa la Kiepiskopali. Kwa msomaji asiyelifahamu, hilo ni kanisa ndugu la Anglikana letu hapa Kenya. Wamarekani walipojitenga na Uingereza, Waanglikana wa huko hawakuweza tena kuwa chini ya mfalme, na askofu wao wa kwanza, Samuel Seabury, alilazimika kwenda kuwekewa mikono huko Scotland mwaka wa 1784. Walibakia na maaskofu, na Kitabu cha Sala, na kalenda yenye Majilio. Hivyo kijana Phillips alilelewa katika desturi ya kungoja: Jumapili nne, sala za kila juma, na matawi mabichi ya kupamba kanisa wakati theluji imetanda nje. Katika nyumba hiyo walizaliwa wana sita, na wanne kati yao walikuja kuwa makasisi.

Lakini Phillips hakuanza kwa ukasisi. Alisoma katika shule maarufu ya Boston Latin, kisha Chuo Kikuu cha Harvard, ambako alihitimu mwaka wa 1855 akiwa hajatimiza miaka ishirini. Akarudi katika shule ile ile aliyosomea, mara hii akiwa mwalimu. Wanafunzi wake walikuwa vijana wakubwa waliompita kwa ukaidi, wala hakuweza kuwatawala. Ilipita miezi michache tu, akajiuzulu. Kijana wa familia njema, mwenye shahada ya Harvard, akawa hana kazi wala hajui aende wapi, na inajulikana kwamba kwa muda aliona haya kukutana na watu.

Hapa ndipo nilipoacha kusoma kwanza. Mimi nami niliwahi kufundisha. Niliajiriwa nikiwa kijana, nikasimama mbele ya darasa la watoto hamsini na watatu, na kabla ya muhula wa pili kwisha nikaomba ruhusa ya kuondoka. Nilipita njia za panya kurudi nyumbani ili nisionekane na majirani. Wahenga wamesema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini anayelishika koleo lililovunjika huwa hayasikii maneno ya wahenga.

Phillips alikwenda Virginia mwaka wa 1856, akaingia katika chuo cha theolojia karibu na mji wa Alexandria. Virginia ilikuwa nchi ya utumwa. Kijana wa kaskazini, aliyekuwa amezoea kusikia habari za utumwa kwa masikio tu, sasa aliuona kwa macho: watu weusi wakimilikiwa, wakikodishwa, wakiuzwa. Yale aliyoyaona hayakumtoka tena.

Mwaka wa 1859 alifanywa shemasi, akapewa parishi yake ya kwanza katika mji wa Philadelphia. Lilikuwa kanisa dogo lisilo na sifa kubwa, na jina lake lilikuwa Kanisa la Majilio. Naliona kuwa jambo la kupendeza kwamba mtu aliyezaliwa Jumapili ya Majilio alianza kazi katika kanisa lenye jina hilo. Aliogopa kwamba angeshindwa tena, na alikubali kwanza kwa muda wa kujaribiwa tu.

Majilio yake ya kwanza hapo hayakuwa ya utulivu. Jumapili ya kwanza ilikuwa tarehe 27 Novemba, na Ijumaa iliyofuata, tarehe 2 Desemba, 1859, huko Virginia alinyongwa John Brown, yule Mzungu aliyejaribu kuwainua watumwa wapigane na mabwana zao. Nchi nzima ilitikisika. Wapo waliomwita muuaji, wapo waliomwita shahidi. Hebu fikiria, msomaji, kasisi wa miaka ishirini na mitatu, mwenye washarika wachache, akilazimika Jumapili ile kusimama mimbarini na kusoma masomo ya hukumu na ya kuja kwa Bwana.

Parishi ndogo humfunza kasisi mambo ambayo chuo hakiwezi. Huko hakuna pa kujificha. Kasisi anajua nani hakuja na kwa nini, nani anaumwa, nani ameachwa na mume. Katika Kanisa la Majilio yule mwalimu aliyeshindwa na darasa alijifunza kusema na watu. Alisema kwa haraka mno, maneno yakifukuzana, mpaka waandishi wa magazeti walipata taabu kumfuata kwa kalamu. Alikuwa pia mtu mrefu, mwenye mwili mkubwa kuliko watu wa kawaida. Habari zake zikaenea, na mwaka wa 1862 kanisa kubwa la Utatu Mtakatifu katika mji huo huo likamchukua.

Wakati huo vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimepamba moto. Ndugu yake George, aliyekuwa jeshini, alifariki kwa homa mwaka wa 1863. Brooks hakuficha msimamo wake: utumwa ni dhambi na lazima ukome, na mtu mweusi akiisha kuwa huru apewe haki ya kupiga kura. Si washarika wake wote waliofurahi. Wapo waliotaka kasisi aseme habari za mbinguni na kuacha mambo ya serikali. Yeye aliendelea. Rais Abraham Lincoln alipouawa mwezi wa Aprili, 1865, na maiti yake ikapitishwa Philadelphia ili watu waiage, Brooks alihubiri Jumapili tarehe 23, akasema waziwazi kwamba ni roho ya utumwa iliyomuua rais. Hotuba hiyo ilimfanya ajulikane nchi nzima.

Baada ya hayo alikuwa amechoka. Kanisa lilimpa ruhusa ya mwaka mzima, akasafiri Ulaya na kufika Nchi Takatifu. Mkesha wa Krismasi mwaka huo wa 1865 ulikuwa siku ya Jumapili, Jumapili ya nne ya Majilio. Alitoka Yerusalemu akiwa amepanda farasi, mwendo wa kiasi cha maili sita, akafika Bethlehemu kabla ya giza kuingia. Alipita kwenye uwanda ambako yasemekana wachungaji walilinda kondoo zao, na bado aliwaona wachungaji wakiwa na makundi yao. Usiku alisimama katika kanisa la kale lililojengwa mahali panapoaminiwa kuwa ndipo alipozaliwa Yesu, na ibada iliendelea kwa saa nyingi, mpaka kupita usiku wa manane. Mtu aliyetoka katika nchi iliyopoteza mamia ya maelfu ya vijana vitani alijikuta katika mji mdogo uliolala kimya.

Hakuandika wimbo usiku huo. Aliurudisha nyumbani moyoni, ukakaa huko miaka mitatu. Katika Majilio ya mwaka wa 1868 alitaka watoto wa shule ya Jumapili wawe na wimbo mpya wa Krismasi, akaandika beti chache nyepesi. Akampa Lewis Redner, mpiga kinanda wa kanisa lake, ambaye siku za kazi alikuwa akifanya biashara ya nyumba na mashamba. Redner alihangaika na sauti ya wimbo huo bila kupata kitu. Krismasi yenyewe, siku ya Ijumaa, ikapita. Usiku wa Jumamosi akalala hana la kuonyesha, akaamka usiku akiwa na sauti kichwani, akaiandika upesi, na asubuhi akaikamilisha. Jumapili hiyo, tarehe 27 Desemba, watoto na walimu wao wakaimba. Wawili hao hawakudhani kwamba wimbo ule ungeishi zaidi ya msimu mmoja.

Mwaka wa 1869 Brooks alirudi kwao Boston kuwa kasisi wa Kanisa la Utatu. Mwezi wa Novemba, 1872, moto mkubwa uliteketeza sehemu ya katikati ya mji, na kanisa lake likaungua pamoja na maduka na maghala. Kwa muda wa miaka minne na zaidi washarika walisali katika ukumbi. Majilio matano yalipita hawana madhabahu yao wenyewe. Kanisa jipya, lililochorwa na mjenzi mashuhuri H. H. Richardson, liliwekwa wakfu mwezi wa Februari, 1877, na mpaka leo watu hutoka mbali kwenda kulitazama. Mwaka wa 1880 Brooks alihubiri mbele ya Malkia Victoria wa Uingereza.

Pamoja na heshima zote hizo, hakuacha kuwa mtu wa watoto. Hakuoa, wala hakuwa na mtoto wake mwenyewe, lakini aliwaandikia watoto wa ndugu zake barua za kuchekesha kutoka kila nchi aliyotembelea. Helen Keller, yule msichana kipofu na kiziwi aliyekuja kujulikana ulimwenguni kote, alipoanza kuuliza maswali juu ya Mungu, ni Brooks aliyemweleza, ana kwa ana na kwa barua. Msichana huyo alimpenda hata ndugu yake mdogo, aliyezaliwa mwaka wa 1891, akaitwa Phillips Brooks. Aliyeshindwa kufundisha vijana wa Boston Latin akamfundisha mtoto asiyeona wala kusikia.

Mwaka huo wa 1891 alichaguliwa kuwa askofu wa Massachusetts. Wapo waliompinga vikali, wakidai kwamba ana urafiki mno na Wakristo wa madhehebu mengine. Hakubishana nao. Aliwekewa mikono mwezi wa Oktoba, akaanza kuzunguka jimbo lote, na sehemu kubwa ya kazi yake ikawa kuzitembelea zile parishi ndogo za vijijini zilizofanana na ile ya kwanza. Mwaka wa 1892 wimbo wake uliingizwa katika kitabu cha nyimbo cha kanisa lake. Majilio yaliyofuata yalikuwa ya mwisho kwake. Aliugua koo kwa siku chache, na tarehe 23 Januari, 1893, akafariki akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Umati mkubwa ulijaa uwanjani mbele ya kanisa lake siku ya maziko, na vijana wa Harvard ndio waliolibeba jeneza.

Nimeyasimulia haya kwa sababu ya mtoto yule, na kwa sababu yangu mwenyewe. Nchi yake inamkumbuka Brooks kwa hotuba zake kubwa na kwa sanamu iliyosimama kando ya kanisa lake. Lakini hotuba hizo ni wachache wanaozisoma sasa. Kilichovuka bahari kikafika katika kanisa letu la mabati ni kile alichowaandikia watoto wachache, kikaimbwa siku mbili baada ya Krismasi kwa kuchelewa.

Jumapili iliyopita nilimtafuta yule mtoto nikamwambia kwamba nilimjibu vibaya, na kwamba aliyeutunga wimbo ni kasisi mmoja aliyeshindwa na ualimu. Alinitazama kidogo, akaniuliza kama watoto wa darasa lake walikuwa wakipiga kelele. Nikamwambia ndiyo, sana. Akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akakimbilia mazoezini.