Masta ya George Carver Iliyokwenda Shambani

Ukikaa na wanachuo wa mwaka wa mwisho, haziishi dakika 10 kabla neno masta halijatajwa. Nani kapata skolashipu, nani bado anasubiri, nani GPA yake imekataa. Maongezi huishia kwenye kuipata. Ya kuifanyia nini, hayo tunayaacha. Hebu leo tumwangalie mtu aliyehangaika karibu miaka 20 mpaka akaipata masta yake, halafu akaenda nayo mahali ambapo hapakuwa hata na maabara.

George Washington Carver alizaliwa utumwani karibu na Diamond, jimbo la Missouri, Marekani, mnamo 1864 hivi. Nasema hivi kwa sababu mtoto wa mtumwa hakuandikiwa cheti cha kuzaliwa. Akiwa bado mchanga, majambazi walimteka pamoja na mama yake. Mtoto akarudishwa, mama hakuonekana tena. Akalelewa na Moses na Susan Carver, wale wale waliokuwa wakimmiliki mama yake. Kwa kuwa alikuwa dhaifu wa mwili, hakupewa kazi nzito za shamba. Alijifunza kupika, kushona na kufua. Muda uliobaki alikuwa porini na mimea, mpaka majirani wakawa wanamletea maua yao yanayonyauka ayatibu.

Shule ya pale kijijini haikupokea watoto weusi. Basi akiwa bado mdogo alifunga safari kwenda mji wa Neosho kwenye shule ya weusi, kisha akahamahama huko Kansas, akijilipia masomo kwa kufua nguo za watu. Mwaka 1885 chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua. Alipofika na kuonekana rangi yake, akakataliwa. Sisi tunaoijua presha ya kusubiri majina ya waliochaguliwa, tufikirie hilo: jina lako lipo, umefika na begi lako, halafu unaambiwa urudi ulikotoka.

Ilipita miaka mitano. Mwaka 1890 akapokelewa Simpson College, jimbo la Iowa, akasoma uchoraji na piano. Mwalimu wake wa kuchora, Etta Budd, aliona jinsi kijana huyu anavyoielewa mimea anayoichora, akamshauri aende chuo cha kilimo cha Ames, ambako baba yake mwalimu huyo alikuwa profesa. Wenzangu wa kitivo cha elimu, hapo tusipite haraka. Mwalimu alimwachia mwanafunzi wake bora aondoke kwenye somo lake, kwa sababu aliona kipaji kikubwa zaidi upande wa pili.

Carver aliingia Ames mwaka 1891, mwanafunzi mweusi wa kwanza pale. Mwanzoni hakuruhusiwa kula na wenzake kwenye bwalo. Alisoma huku akifanya vibarua, na mwaka 1894, akiwa na miaka kama 30, akapata shahada ya kwanza. Tasnifu yake ilihusu namna binadamu anavyoweza kuibadilisha mimea, kwa mfano kwa kuchavusha aina moja na nyingine. Enzi hizo hakuna aliyeongelea uhandisi wa biolojia, lakini swali lilikuwa lile lile. Chuo kikambakiza kama msaidizi, akawa mweusi wa kwanza kufundisha pale, na akaanza masta chini ya Louis Pammel, mtaalamu wa mimea. Akawa anashinda kwenye nyumba ya vioo ya mimea au kwenye darubini, akichunguza kuvu zinazoshambulia mazao. Masta ikakamilika mwaka 1896.

Sasa ndipo mtihani wenyewe ulipoanza. Ames walimtaka abaki, na njia ya mtafiti mkubwa wa kuvu ilikuwa wazi mbele yake. Lakini Booker T. Washington alikuwa amemwita Tuskegee, Alabama, akafundishe wana wa watu waliotoka utumwani. Carver akaenda.

Alichokikuta? Maabara hakuna. Alizunguka na wanafunzi wake kwenye majalala, wakiokota chupa na sufuria kuukuu za kufanyia majaribio. Ardhi ilikuwa imechoka kwa pamba iliyolimwa mwaka hadi mwaka. Carver aliwaeleza wakulima kwamba kunde na karanga, kwa msaada wa bakteria wa mizizini, huirudishia ardhi naitrojeni, na pia ni chakula. Aliandika vijitabu vya lugha nyepesi; cha karanga, cha mwaka 1916, kilikuwa na njia 105 za kuziandaa. Kuanzia mwaka 1906 gari la kukokotwa na wanyama likapeleka masomo mpaka kwa mkulima asiyeweza kuja chuoni. Mwaka 1921 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kuzungumzia karanga. Alipewa dakika 10, wakubwa wakanogewa, wakamwongezea muda.

Tusimfanye malaika, lakini. Utawala ulimshinda, akagombana sana na Washington. Wenzake walimnung'unikia kwa upendeleo aliopewa alipofika. Siagi ya karanga hakuivumbua yeye, kama wengi tunavyoambizana, na bidhaa zake nyingi hazikufika sokoni. Hata ule utafiti wa kuvu alioahidi Ames ulibaki kidogo, ingawa kuna kuvu zilizopewa majina kwa heshima yake.

Kwa hiyo je, alipoteza masta yake? Kwa hesabu ya machapisho, labda. Lakini mkulima wa Alabama hakuwa na hesabu hiyo. Yeye alipata mtu wa masta anayeinama shambani kwake, anashika udongo, na kumweleza akaelewa. Carver alibaki Tuskegee mpaka alipofariki tarehe 5 Januari 1943, na akiba yake aliiachia mfuko wa utafiti wa pale pale.

Basi tukikaa tena kuongelea masta, tukishamaliza ya skolashipu na GPA, tuulizane na hili: siku ukiipata, nani anakusubiri nayo?